Alisi yupi? Maswali tunayoulizwa hapa Tanga kuhusu kitabu, katuni na filamu zake

Kila tukiwasomea watoto hadithi ya Alisi katika nchi ya ajabu na kisha kuwaonyesha filamu, wazazi na walimu hubaki nyuma wakiuliza. Maswali hayabadiliki sana, basi nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Majibu yana upendeleo. Kuna matoleo ninayoyapenda na kuna ambayo siyapendi, wala sitaficha.

Hadithi yenyewe ilitoka wapi?

Oxford, Uingereza. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hisabati wa chuo cha Christ Church, Charles Dodgson, alitoka kwa mashua ya makasia na rafiki yake mchungaji Robinson Duckworth, wakiwa na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith Liddell. Watoto walidai hadithi, naye akaitunga hapo hapo mtoni. Alice akamng'ang'ania amwandikie. Akaiandika kwa mkono, akachora na picha mwenyewe, akamkabidhi Novemba 1864. Mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll, ikiwa na picha 42 za John Tenniel.

Kuna kitabu cha pili, kile ambacho Alisi anapita ndani ya kioo, kilichotoka mwishoni mwa 1871. Kishike akilini, maana nusu ya ubishi kuhusu filamu hizi unatokana na watu kutojua kwamba vitabu ni viwili.

Sina muda wa kusoma yote haya. Nianze na ipi?

Mtoto wa miaka sita na kuendelea, katuni ya Disney ya 1951. Mtu mzima, filamu ya BBC ya 1966. Usianze na ile ya Tim Burton ya 2010.

Mbona katuni na kitabu havilingani? Binti yangu anadai nimemsomea uongo.

Hujamsomea uongo, mama. Katuni ya 1951 imechota kwenye vitabu vyote viwili ikachanganya. Wale mapacha wanene, Tweedledum na Tweedledee, ni wa kitabu cha kioo. Wimbo wa kusherehekea siku isiyo ya kuzaliwa nao umetokana na mazungumzo ya Humpty Dumpty, yule mtu-yai, katika kitabu cha pili; Disney wakauhamishia kwenye karamu ya chai. Kile kitasa cha mlango kinachosema hakimo popote katika vitabu. Kwa upande mwingine, ukimtafuta Duchess, yule bibi mkubwa wa kitabuni, au Griffin, yule nusu tai nusu simba, au Kasa wa Bandia, katuni haina hata mmoja. Kumkosa kasa kwa watoto wa pwani ni hasara, kwa sababu yule kasa analia machozi huku akisimulia shule yake ya chini ya bahari, na ndiye anayewachekesha watoto wetu kuliko wote.

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye orodha ya wahusika. Iko mwishoni. Katika kitabu, Alisi akiwa mahakamani anaanza kurefuka mwenyewe tu, hajala wala hajanywa kitu. Kadiri anavyorefuka ndivyo anavyozidi kuwajibu wakubwa, mpaka anawaambia kwamba wao si lolote ila karata. Karata zinamrukia, anaamka. Katika katuni anarefuka kwa kula kipande cha uyoga alichokuwa nacho mfukoni, anaanza kumtolea Malkia maneno, kisha katikati ya maneno hayo anafupika tena na kulazimika kutimua mbio. Kabla ya hapo walikwisha kumkalisha msituni akilia na kuimba jinsi asivyofuata ushauri wake mwenyewe. Kwa hiyo katuni, pamoja na rangi zake nzuri alizozibuni Mary Blair, inamtoa msichana aliyejuta kutangatanga. Alisi wa Carroll hajuti. Anaamka, anamsimulia dada yake, anakwenda kunywa chai.

Funzo la hadithi hii ni nini?

Hili ndilo swali namba moja, na walimu ndio wanaoongoza. Hakuna. Tena kitabu kinawacheka wanaolitafuta: sura ya tisa Duchess anatembea na Alisi ameegemeza kidevu chake chenye ncha begani mwake, na kila neno analolisema mtoto analitolea funzo, hata lisilohusiana kabisa. Si ajabu kwamba filamu nyingi zinamfuta.

Maana watengeneza filamu nao wanaona aibu kuleta hadithi isiyo na funzo. Wanachofanya ni kumpa Alisi ugonjwa ili wapate kumponya. Mwaka 1999 ilitoka filamu ya televisheni, Tina Majorino akiwa Alisi na Whoopi Goldberg akiwa Paka wa Cheshire. Humo Alisi anaogopa kuimba mbele ya wageni, na safari yote ni ya kumwondolea woga. Mwaka 2010 ugonjwa ni mchumba asiyemtaka. Mwaka 1951 ni utundu. Katika kitabu mtoto ni mzima wa afya. Wagonjwa ni wakubwa anaokutana nao. Ukitaka kupima toleo lolote, uliza hilo tu: hapa nani mgonjwa?

Kwa nini Alisi wa 2010 ni mkubwa, na upanga ameutoa wapi?

Kwa sababu ile si hadithi ya kitabu. Tim Burton alitengeneza mwendelezo wa kubuni: Alisi, aliyechezwa na Mia Wasikowska, ana miaka 19, anaposwa mbele ya kadamnasi, anakimbia, anaingia shimoni, na huko chini wanamwambia kwamba ameandikiwa kuua dude liitwalo Jabberwock. Upanga na dude vimetoka kwenye shairi lililomo katika kitabu cha kioo. Katika shairi hilo muuaji ni kijana wa kiume, na Alisi kazi yake ni kulisoma na kushangaa. Filamu ikamvika yeye deraya.

Ilivuna zaidi ya dola bilioni moja duniani, ikachukua Oscar mbili, ya usanifu wa mandhari na ya mavazi. Mavazi yanastahili kweli. Helena Bonham Carter na kichwa chake kikubwa kama boga ni burudani. Lakini kitu kimoja kimenikera tangu mara ya kwanza: kila mtu kule anajua nini kitatokea, kimeandikwa kwenye gombo. Nchi ya ajabu ikishakuwa na ratiba haina ajabu tena. Halafu Mshona Kofia wa Johnny Depp amekuwa mtu wa majonzi, muathirika wa vita, na Alisi anamhurumia. Mshona Kofia wa kitabu ni mjeuri. Anamwambia mgeni kwamba nywele zake zinahitaji kukatwa, kabla hata ya kumkaribisha chai.

Wavulana wa darasa la sita wanaipenda sana, na sitawanyang'anya. Naomba tu wasiambiwe kwamba wamekisoma kitabu.

Ipi inatisha?

Ile ya Jan Švankmajer wa Czechoslovakia, ya 1988. Ni msichana wa kweli mmoja na vikaragosi vinavyosogezwa picha moja baada ya nyingine. Sungura Mweupe ni sungura mfu aliyejazwa vumbi la mbao, anajitoa kwenye misumari kwa meno, na kila akitembea vumbi linamwagika kifuani. Anachofanya ni kulila tena kwa kijiko. Sauti zote ni za msichana, na kila mhusika akisema tunaonyeshwa midomo yake yeye. Mimi naiona ni kazi kubwa na iliyo karibu na ndoto kuliko zote, kwa sababu ndotoni vitu havipendezi, vinakukodolea macho tu. Ila usiwawekee watoto halafu ukaenda jikoni.

Zile za zamani zina maana yoyote leo?

Ya kwanza kabisa ni ya 1903, ya Cecil Hepworth na Percy Stow. Ilikuwa ya dakika kama kumi na mbili, zilizosalia ni kama nane, na picha zimechakaa. Paka wa Cheshire ni paka wa nyumbani kwa Hepworth, amekaa kichakani na sura ya kutojali kabisa.

Kwa kuwa haina sauti, sisi tunaipenda mno. Tunampa mtoto maikrofoni asimulie kama wanavyosimulia kwenye mabanda ya video, mtindo ulioenezwa na wasimuliaji wa filamu kina Lufufu. Kijana mmoja wa Ngamiani alipomwona Sungura akitazama saa na kukimbia, alidakia: "Jamaa kachelewa, bajaji imemwacha, na leo bosi yuko mlangoni!" Ukumbi ukalipuka. Carroll angemwelewa, kwani Sungura wa kitabu naye ni mtumishi anayemhofia bibi mkubwa. Usiseme kwamba movie za kutafsiriwa si sanaa. Yule msimuliaji anachagua, anakata, anaongeza, anampa mhusika lafudhi. Ndiyo kazi ile ile waliyoifanya Disney na Burton, kwa gharama ya soda moja.

Ya 1933 ya Paramount ilijaza nyota, Gary Cooper na Cary Grant wakiwemo, kisha ikawafunika wengi vinyago hata huwatambui. Ruka.

Na hiyo ya BBC unayoisifia?

Jonathan Miller aliitengeneza nyeusi na nyeupe, ikarushwa Desemba 1966, muziki wa Ravi Shankar. Aliondoa vichwa vyote vya wanyama. Kiwavi ni mzee tu, Panya ni bwana mmoja tu, Peter Cook ni Mshona Kofia. Unapotoa manyoya na masikio, unabaki na wakubwa wa Kiingereza wanaozungumza upuuzi kwa heshima zote, na mtoto anayewasikiliza bila kutabasamu. Kuna ukimya mrefu katika karamu ya chai ambao katuni isingethubutu. Watoto wadogo watasinzia. Wewe hutasinzia kama umewahi kukalishwa kwenye kikao cha ukoo ukiwa na miaka kumi, huruhusiwi kuondoka, na hujui wanabishania nini.

Kuna Alisi ya Kiswahili?

Ziko mbili. "Elisi Katika Nchi ya Ajabu" ilitafsiriwa na E. V. St Lo Conan-Davies, ikachapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1940, na katika picha zake Elisi amechorwa msichana wa Kiafrika. Ya pili ni "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu" ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Evertype mwaka 2015. Kwa kusoma kwa sauti leo chukua ya pili. Ya kwanza, ukiipata, ishike kwa ajili ya picha: ni miaka mingi kabla ya watu kuanza kugombana mitandaoni kuhusu rangi ya wahusika wa hadithi za Ulaya.

Yule Kiwavi anavuta shisha. Na mtoto anakula uyoga na kunywa chupa asiyoijua. Mnawaonyesha watoto hayo?

Tunawaonyesha, shehe wangu, na tunazungumza nao. Katika kitabu Alisi kabla ya kunywa anaikagua chupa kuona kama imeandikwa sumu, na anawakumbuka watoto walioungua au kuliwa na wanyama kwa kutosikia waliyoambiwa. Filamu nyingi zinakata tahadhari hiyo na kubakisha kunywa. Kwa hiyo anayeogopea jambo hili atapata nafuu kwenye kitabu kuliko kwenye skrini. Buruma la Kiwavi limo katika picha ya Tenniel tangu 1865, haliondoki.

Kile kitendawili cha kunguru kina jibu gani?

Karibu kila toleo linacho, na hapa ndipo watoto wa Tanga walipotufundisha kitu. Nilikuwa nasoma sura ya saba, nikakitega kama kinavyotegwa. Kitendawili! Tega! Kunguru na meza ya kuandikia vinafananaje? Wakaanza: vyote vyeusi, vyote vina miguu, vyote vinachafuliwa na chaki. Wakashindwa. Nikadai mji. Wakanipa Pangani, nikakataa. Wakanipa Lushoto, nikaipokea, nikaenda Lushoto, nikala matunda damu, nikarudi. Kisha nikasoma jibu: Mshona Kofia anasema hana habari hata kidogo.

Zogo lililotokea! "Rudisha Lushoto!" Msichana mmoja alisimama kabisa, akasema mtu hawezi kutega asichokijua, huo ni wizi. Na ndivyo hasa Alisi anavyomwambia Mshona Kofia, kwa maneno ya adabu zaidi: heri kuutumia muda kwa jambo lingine kuliko kuupoteza kwa vitendawili visivyo na jibu.

Sasa tazama filamu. Katika katuni ya 1951 Mshona Kofia anauliza, kisha Alisi anapolirudia swali yeye mwenyewe anashtuka kana kwamba hajawahi kulisikia, na Alisi anaonekana ndiye mwendawazimu. Kichekesho kizuri, lakini ugomvi umekwepwa. Ile ya 2010 imeligeuza swali kuwa alama ya urafiki kati yao wawili. Hakuna anayedai mji wake. Carroll mwenyewe, baada ya kusumbuliwa na wasomaji kwa miaka thelathini, alibuni jibu mwaka 1896, akakiri kwamba hapo mwanzo halikuwepo.

Malkia wa Kopa anakata watu vichwa kweli?

Anaamrisha tu. Griffin anasema kitabuni kwamba hawamnyongi mtu yeyote, ni mawazo ya Malkia. Katika filamu ya 2010 hali ni mbaya zaidi: handaki la kasri limejaa vichwa vinavyoelea.

Mashairi ya kitabuni mbona hayachekeshi?

Mengi ni ya dhihaka. Watoto wa Kiingereza wa wakati ule walilazimishwa kukariri mashairi ya maadili, kama lile la Isaac Watts la nyuki mchapakazi. Carroll akamtoa nyuki, akaweka mamba anayekaribisha samaki wadogo kwa taya zenye tabasamu. Asiyelijua la kwanza hawezi kucheka la pili. Filamu zinatatua kwa kuweka nyimbo zao. Ushauri wangu ni kuchukua shairi ambalo watoto wenu wamelikariri shuleni mpaka limewachosha, mkalichokonoa beti kwa beti. Katika mji uliovilea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hamtakosa mtoto wa kutia fumbo lenye mwiba kwenye kibwagizo.

Tunataka kuigiza shuleni. Tuombe ruhusa?

Kitabu na picha za Tenniel ni huru. Carroll alifariki Januari 1898, Tenniel 1914, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tafsiri ya 2015 bado inalindwa. Msiirudufu kwa fotokopi kwa darasa zima. Nyimbo za Disney na kitasa chao kinachosema viacheni kabisa. Mkiwa na shaka, COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo.

Gauni la bluu si la lazima. Picha za kwanza hazikuwa na rangi, na katika toleo la rangi alilolitoa Carroll mwenyewe mwaka 1890 kwa ajili ya watoto wachanga, Alisi amevaa njano. Toleo hilo, lenye picha 20, ndilo la kufuata kwa chekechea, maana mwandishi anamwonyesha mtoto picha na kuzungumza naye. Sisi Alisi wetu alivaa kanga. Mchezo wa mpira wa Malkia, ambao kitabuni fimbo ni heroe hai na mipira ni kalunguyeye, tulitumia vipande vya miti mikavu ya maua ya mkonge, vyepesi na havimuumizi mtu, na mpira wa chandimu. Jukwaani hadithi ilianza zamani: Desemba 1886 Henry Savile Clarke aliipeleka ukumbi wa Prince of Wales, London, kwa ridhaa ya Carroll, kila kitabu kikiwa na sehemu yake. Mpango huo wa kutovichanganya vitabu bado ni mzuri.

Kwa nini kuhangaika na Mwingereza wakati Shaaban Robert ni wa hapa hapa?

Swali zuri, na aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui hatuwezi kumpita. Watoto wetu wanasoma "Adili na Nduguze" pia. Lakini angalia: Adili, liwali anayewachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake, ana asili yake katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Shaaban Robert aliichukua, akabadili majina yakawa tabia, Hasidi na Mwivu, akaitia maadili yake. Naye alikuwa mtoaji-upya, tena stadi. Yeye alitia funzo mahali palipokuwa na kisa, na hadithi ikanenepa. Disney walitia funzo kwa Alisi na hadithi ikakonda. Sababu, naona, ni kwamba kisa cha ndugu watatu kilikuwa na hatia na adhabu tangu awali, wakati kisa cha Alisi hakina mkosaji.

Alisi anaangukia shimoni. Mnaweza kufanyia igizo Mapango ya Amboni?

Watoto huomba kila mwaka. Waongozaji kule husimulia mbwa aliyepotelea pangoni akaonekana upande wa Kilimanjaro, na watoto huliunganisha mara moja na Alisi anayejiuliza akiwa anaporomoka kama atatokea upande wa pili wa dunia. Kwenda kusikiliza kisa hicho, ndiyo. Igizo, hapana: ndani ni giza, kuna popo, na sauti haisikiki.

Nina kipindi kimoja tu cha darasa. Nifanye nini?

Soma sura ya saba kwa sauti mpaka wanapoelezwa kwamba Mshona Kofia amegombana na Muda, ndiyo maana kwao ni saa kumi na mbili jioni siku zote, vikombe havioshwi na wageni wanahama kiti. Weka karamu ya chai ya katuni ya 1951, kisha ile ya BBC, bila kutia neno. Waulize ni nani kati ya Alisi hao wawili angekubali kukaa kwenye karamu hiyo kwa muda mrefu zaidi, na kwa nini. Filamu ya BBC itumie kompyuta yenye spika nzuri, maana wanasema chini chini.